Ukoo ulimkataza mdogo wangu kusoma Historia chuo kikuu, mpaka siku Injinia aliposoma wasifu wa marehemu

Wakuu, kwema? Wa nyumbani na wa ughaibuni nawasabahi wote, na wazee mliomo humu shikamooni.

Mimi ni mpita njia wa siku nyingi humu jamvini. Huwa nasoma, nacheka, naondoka zangu. Ila juzi kuna mkuu kaleta uzi kwamba kozi za arts zifutwe kwenye vyuo vya serikali, eti zinazalisha watu wa kupiga domo tu. Niliusoma nikiwa dukani, nikaona watu wanavyomuunga mkono, nikajikuta nimenuna peke yangu mbele ya wateja.

Sasa badala ya kutukanana, nimeona nisimulie kilichotokea kwetu.

Ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu bado nina mpango wa kwenda kula Krismasi nyumbani. Wale wa "hii chai", naomba msubiri kwanza niimimine.

Nianze na mimi mwenyewe ili mjue nani anaongea.

Nina BA ya Historia kutoka chuo kikuu cha serikali. Chuo gani, msihangaike, kote viti havitoshi. Sisi tulikuwa tunajaza ukumbi mpaka wengine wanasikiliza lecture wakiwa wamekaa madirishani, na mhadhiri akigeuka kuandika ubaoni, walioko nje wanauliza walioko ndani amesemaje.

Nilipomaliza nikazunguka na bahasha ya vyeti kama wenzangu wote. Baadaye nikaona nisizeekee barabarani, nikafungua steshenari hapa Ikungi, karibu na ofisi za wilaya. Natoa kopi, nachapa, nalamineti, nawaombea watu kazi mtandaoni ambazo mimi mwenyewe niliziomba nikakosa. Siyo tajiri, ila silali njaa.

Ukoo ukanipa jina la Profesa. Msidhani ni heshima. Wanalitamka kama mtu anavyomwita mbwa wake Simba.

Kiongozi wa kejeli alikuwa baba mkubwa Yohana. Huyu ni kaka yake marehemu baba yangu, na ndiye mwenye sauti kwenye ukoo. Anaishi kijijini kwetu, ndani kidogo ukitokea Mkiwa. Ana mashamba ya alizeti, ana kisukari, na ana maoni juu ya kila kitu. Nikifika sikukuu, nikishamwamkia, anaweka kikombe chini na kuniuliza mbele ya watu: "Profesa, wale watu wa kale wana habari gani mpya?" Basi nyumba nzima inacheka mpaka mama mkubwa anajifuta machozi kwa kanga.

Mwanawe wa kwanza anaitwa Deo. Huyo ni injinia, anajenga barabara huko Dodoma. Deo akija nyumbani anachinjiwa jogoo. Mimi nikija natumwa kumkimbiza huyo jogoo.

Sawa, nimezoea, maisha ndivyo yalivyo.

Lakini wakuu, kulikuwa na siku moja ambayo shahada yangu ilikuwa inapata heshima ghafla. Siku ya msiba.

Kwetu marehemu hatoki nyumbani kwenda kaburini mpaka wasifu wake usomwe. Alizaliwa wapi, na nani, alifanya kazi gani, alioa nani, ameacha watoto gani na kwa mpangilio gani, aliumwa nini. Watu wanamsikiliza padri kwa adabu, ila wasifu wanausikiliza kwa makini. Ukiruka jina la mtoto mmoja, hawasemi umesahau, wanasema umemfukuza. Nimewahi kuona harusi imevunjika kwa sababu ya wasifu uliosomwa vibaya kwenye msiba wa mwaka uliopita.

Mwandishi na msomaji wa ukoo nilikuwa mimi. Hakuna aliyenishukuru, walichukulia kama vile ndiyo kazi niliyosomea. Na kusema ukweli, nilikuwa nimeisomea.

Mwaka wa pili tulikuwa na mhadhiri mmoja mama, mkali, wa somo la historia simulizi. Alitupa assignment ambayo sitaisahau: nenda kwenu, tafuta watu wawili wasiosalimiana, uwasikilize wote, kisha uandike historia moja ambayo wote wawili wataikubali. Watu walilia. Wengine hawakwenda kwao, walitunga hotelini wakakamatwa. Yule mama alitwambia kosa letu ni moja, tunakimbilia kumuuliza anayeongea vizuri. Akasema anza na aliyenuna.

Basi mimi kila msiba nilikuwa naanza na aliyenuna. Napita nyumba moja baada ya nyingine, nakaa chini, nasikiliza, sishiki kalamu mpaka mwenye kinyongo ameongea. Ndiyo maana misiba yetu ilikuwa inakwisha watu wanakula pamoja. Wao walidhani ni bahati.

Sasa tuje kwa mdogo wangu Paskalina.

Paska ni wa mwisho kwetu. Alisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Literature, akapasua vizuri sana kidato cha sita. Akaomba chuo kikuu cha serikali, akachaguliwa BA ya Historia. Siku majina yanatoka alinipigia simu akiwa anapiga kelele hadi mteja wangu akadhani kuna ajali.

Tatizo likawa nani atamsomesha. Baba yetu alishafariki, na mkopo aliopata ulikuwa kipande tu, vipaumbele si mnavijua, sayansi kwanza. Kwenye ukoo wetu kuna utaratibu: kila kaya baada ya mavuno inatoa magunia ya alizeti kwa ajili ya anayesoma, na baba mkubwa ndiye anayesema yaende kwa nani. Deo alisoma kwa alizeti hizo. Mimi pia, na hilo huwa nakumbushwa.

Kikaitwa kikao Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa baba mkubwa. Nikapigiwa simu nifike bila kukosa. Wakuu, nilinyoosha shati. Nilidhani naitwa kama mshauri, mtu aliyepita njia hiyo.

Kumbe nimeitwa kama kielelezo.

Baba mkubwa alimkalisha Paska mbele yangu, akasema kwa upole kabisa, "Paskalina mwanangu, mtazame kaka yako vizuri. Huyo ndiyo Historia."

Ndugu zangu wote wakanigeukia wakanikagua. Shati nililonyoosha lilikuwa na doa la wino wa mashine mfukoni, sikuwa nimeliona. Shangazi mmoja akatikisa kichwa kwa huruma.

Deo naye akapewa nafasi. Akafungua simu, akatuambia kwamba dunia imebadilika, kwamba siku hizi AI inaandika kila kitu, insha, hotuba, hata mashairi, kwa hiyo kumpeleka mtoto akasomee maneno ni sawa na kumpeleka akasomee kusaga kwa jiwe wakati mashine ipo. Watu wakaguna kwa kukubali. Neno AI lenyewe lilitosha, hakuna aliyeuliza swali.

Uamuzi ukatoka: magunia hayataenda kwenye Historia. Paska aende mjini Singida akasome cheti cha kompyuta kwenye kichuo kimoja kilichoko juu ya duka la mabati.

Paska aliomba kusema neno. Akaambiwa alete chai kwanza.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia, "Kaka, nisipoenda mwaka huu nitaolewa, unajua."

Nilijua. Kulikuwa na jamaa mmoja mfanyabiashara wa vitunguu ambaye alishaanza kupitapita kwa baba mkubwa na zawadi. Na zawadi zenyewe, wakuu, ni mifuko ya sukari. Anampelekea mgonjwa wa kisukari, na mgonjwa anapokea huku anatabasamu.

Nikarudi sebuleni na hasira zangu. Nikawaamkia wazee upya, nikasema kwa kuwa kazi ya maneno haina maana na AI ipo, basi kuanzia leo mimi siandiki wala sisomi wasifu wa mtu yeyote kwenye ukoo huu. Misiba yote atasoma injinia.

Wakacheka sana. Baba mkubwa akasema Profesa amegoma, sijui watu wa kale watakula nini. Nikachukua bodaboda nikarudi Ikungi.

(Nimetoka kumhudumia mteja hapa, samahanini. Anataka kopi ya kitambulisho ambayo ni kopi ya kopi, halafu analalamika sura haionekani.)

Tuendelee.

Haukupita muda mrefu, Babu Njiku akafariki.

Babu Njiku alikuwa mdogo wake babu yetu mzaa baba, wa mwisho katika kizazi kile. Mjane wake ni Bibi Agata, yuko hapo kijijini, haoni vizuri ila masikio yake ni mazima. Lakini Babu Njiku ujanani alikwenda Sekenke kuchimba dhahabu, akakaa huko miaka, na huko akawa na nyumba nyingine kwa mama mmoja wa Kinyiramba ambaye alishatangulia. Mkubwa wa watoto wa nyumba ile anaitwa Mkumbo, sasa hivi ni mzee wa mvi. Haikuwa siri. Ukoo mzima tunajua. Ni jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelizungumza kwenye kipaza sauti.

Baba mkubwa akanipigia. Hakusema naomba, alisema tu, "Profesa, andaa ile kitu." Nikamjibu kwa heshima zote kwamba injinia yupo. Akakata simu.

Baadaye Deo akaandika kwenye group la WhatsApp la ukoo kwamba tusiwe na wasiwasi, wasifu umekamilika, imemchukua dakika moja. Akaweka emoji ya misuli.

Siku ya mazishi nilifika mapema nikasaidia kufunga maturubai, maana upepo wa kwetu mnaujua, unaweza kuondoka na turubai na aliyelishika. Watu wa Sekenke wakaja na Fuso, wanaume, wanawake na wajukuu, wamevaa vizuri, wamekuja na dume la ng'ombe kwa ajili ya msiba. Baba mkubwa alilipokea lile dume kwa furaha kuliko alivyowapokea wao. Likafungwa kwenye mti nyuma ya nyumba.

Misa ikaisha. Katekista akamkaribisha msomaji wa wasifu.

Deo akasimama na suti yake na simu yake. Akakohoa. Akaanza kusoma.

"Marehemu Mzee Njiku alikuwa nahodha wa familia yetu, aliyetuvusha katika mawimbi makali ya maisha."

Mzee mmoja nyuma yangu akamuuliza mwenzake, Njiku alikuwa na meli? Mwenzake akamwambia nyamaza.

Deo akaendelea. Kwamba marehemu alipenda matembezi ya jioni ufukweni. Kwamba alipenda kusoma vitabu na kutumia muda bora na wapendwa wake. Kwamba katika taaluma yake alijulikana kwa ubunifu na uwezo wa kufanya kazi katika timu.

Wakuu, Babu Njiku hakujua kusoma. Bahari aliisikia kwenye redio. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ziwa la chumvi pale mjini, na alilidharau kwa sababu ng'ombe hawanywi.

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, watu wakadhani nalia.

Kisha akafika kwenye familia. "Ameacha mjane mmoja na watoto watano." Akawataja watano wa Bibi Agata, basi. Wa Sekenke hawakutajwa hata mmoja. Baadaye nilijua kwamba baba mkubwa ndiye alimtumia majina kwenye simu, na akaamua kwamba wale wengine "watatajwa wakati wa kuweka mashada".

Hata wanawake waliokuwa jikoni waliacha kugonga masufuria.

Deo hakuona. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha simu, jasho linamtoka, anataka tu amalize akae. Kwa hiyo akasoma kila kilichokuwepo mpaka mwisho. Na mwisho ulikuwa huu, aliusoma kwa sauti ya huzuni ileile:

"Je, ungependa niufupishe wasifu huu, au niongeze hisia zaidi?"

Bibi Agata, pale kwenye mkeka, akadhani ameulizwa yeye. Akajibu kwa upole, "Hapana mjukuu wangu, inatosha."

Watu walicheka, wakuu. Msibani. Wengine walijifunika nyuso na vitenge, mabega yanatikisika. Padri aligeuka akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na sidhani kama kulikuwa na kitu.

Kicheko kikakatika Mzee Mkumbo aliposimama.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Tumetoka Sekenke tukijua tunakuja kumzika baba. Kama tumekuja kumzika jirani, poleni sana, sisi tunarudi." Akawaashiria watu wake. Wakaanza kusimama mmoja mmoja, wanakung'uta nguo, wanawake wanabeba watoto. Dereva wa Fuso akawasha gari.

Kwetu mtoto akiondoka kwenye mazishi ya baba yake kabla ya kutupa udongo kaburini, jambo hilo halifutiki. Wajukuu watalikuta. Watu hawataoana, hawatazikana, na kila ugonjwa utakaotokea upande wowote utahesabiwa umetoka pale. Wazee walianza kunong'ona, na baba mkubwa akasimama. Nilimwona anamtazama Mkumbo, kisha analitazama lile dume.

Halafu akanitazama mimi.

Nikatazama turubai. Nitasema ukweli, nilijisikia raha. Nilitaka waone. Lakini raha yenyewe haikudumu, kwa sababu niliona mikono ya Bibi Agata inapapasa kwenye mkeka, anauliza waliokaa naye kuna nini, nani anaondoka, na hakuna aliyemjibu.

Aliyenyanyuka ni Paskalina.

Hamjui kitu kimoja. Miezi ile baada ya mtihani wa kidato cha sita, wakati wenzake wako mjini, Paska alikuwa anampelekea Babu Njiku uji wa uwele kila asubuhi na kukaa naye. Anamuuliza, anamsikiliza. Mimi nilimfundisha kama nilivyofundishwa, kwamba anza na aliyenuna. Basi akaomba nauli kwangu akaenda mpaka Sekenke, akamwamkia Mzee Mkumbo, akakaa kwake siku kadhaa akimsikiliza. Niliona ni mtoto anapoteza muda akisubiri matokeo.

Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Bibi Agata, akamwomba ruhusa. Bibi akamshika kichwa. Ndipo akasimama akamgeukia Mkumbo.

"Shikamoo baba Mkumbo. Naomba mzime gari kidogo. Babu aliniachia maneno."

Mkumbo alimfahamu. Akamwinulia dereva mkono, injini ikazimwa.

Paska akasimulia wasifu wa Babu Njiku bila karatasi na bila simu. Sitauandika wote hapa, ni wa wenyewe. Ila alisema hivi: Babu alipomwoa Bibi Agata hakuwa amemaliza mahari, na mwaka wa ukame ng'ombe wakafa wote. Baba yake Bibi Agata akasema anamchukua binti yake. Babu akatembea kwa miguu mpaka Sekenke kutafuta dhahabu ili asimpoteze mke. Huko shimo likamwangukia, mguu ukavunjika. Mama yake Mkumbo, aliyekuwa anawapikia wachimbaji, ndiye aliyemuuguza mpaka akatembea. Akapata dhahabu kidogo, akanunua ng'ombe, akarudi nao, mahari ikaisha. Na alimweleza Bibi Agata kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe, hakusubiri aletewe maneno.

Akamaliza hivi, na hapa namnukuu: "Ng'ombe waliomweka bibi hapa walitoka Sekenke. Na babu asingeuguzwa Sekenke, asingerudi hapa. Babu aliniambia nyumba zake hazina ya kwanza wala ya pili. Zilijengana."

Kisha akataja watoto. Hakutaja nyumba hii halafu nyumba ile. Alimtaja mmoja wa huku, mmoja wa kule, mmoja wa huku, mpaka wakaisha, na kila aliyetajwa alikuwa anajibu nipo, kama vile yuko darasani. Mzee Mkumbo alipotajwa aliinua mkono tu.

Bibi Agata akasema kwa Kinyaturu, mimi nawawekea kwa Kiswahili: "Mkumbo aje akae hapa kwangu. Mama yake alinitunzia mume."

Nililia wakuu. Mtu mzima na BA yangu, nililia mpaka kola ikalowa. Nilimwonea fahari yule mtoto, na nikamwonea wivu pia, kwa sababu mimi kwa miaka yote ile sijawahi kuusema wasifu namna ile.

Tukazika. Mkumbo alitupa udongo wa kwanza pamoja na mtoto mkubwa wa Bibi Agata. Dume likachinjwa, tukala wote, na Deo akaanza kuitwa Nahodha siku hiyohiyo. Hata watoto wadogo. Alipoondoka kurudi Dodoma, kuna mtu alimtakia safari njema ya majini.

Sasa msidhani baba mkubwa alisimama akatubu. Hamumjui. Kwenye kuanua matanga aliongea habari za vyombo vya kuazima na nani hajarudisha masufuria. Ya Paska hakugusa.

Ila wakati naaga, akanifuata mpaka nyuma ya zizi. Nikajua kuna jambo, kwa sababu aliniita kwa jina langu la ubatizo.

Alizunguka sana. Aliniuliza kama ile AI ya Deo inaweza kurekebishwa ikawafahamu watu wa Mkiwa. Nikamwambia inawezekana, ila lazima kwanza apatikane mtu wa kuwauliza watu wa Mkiwa. Akaanza kuongelea kisukari chake, miguu inavyokufa ganzi, daktari wa mjini anavyomfokea kama mtoto.

Kisha akauliza, siku yake ikifika, nani atasoma.

Nikamwambia mimi nimegoma, lakini kwake naweza kulegeza.

"Hapana," akasema. "Wewe utanisoma kwa hasira."

Sikubisha. Ni kweli.

Akachimbachimba udongo kwa fimbo yake. "Huyu Paskalina, hiyo Historia yake anamaliza lini?"

"Miaka mitatu, baba mkubwa. Kama ataanza mwaka huu."

Akawatazama ng'ombe zizini. Kisha akasema, "Basi aende, alizeti zitatoka." Akageuka kurudi ndani. Alipofika kwenye kona ya zizi akasimama, hakunitazama, akasema kama anajisemea mwenyewe:

"Miaka mitatu. Nitajitahidi."

Hivi ninavyoandika, Paska yuko mwaka wa kwanza. Ananitumia voice note akilalamika kwamba seminar wanakaa chini. Yule wa vitunguu aliambiwa arudi na sukari yake. Na mimi sijamdanganya mdogo wangu kuhusu ajira, anaijua hali, na akimaliza akakosa, kuna kiti hapa dukani.

Nilichojifunza ni kifupi. Watu wanaodharau kazi ya maneno wanaitaka sana kazi hiyo, ila wanaitaka bure na siku wakiwa wamepigwa na butwaa. Na wewe msomi mwenzangu wa arts, usigombane nao. Acha kuwafanyia kidogo, utaona wanavyokutafuta. Mainjinia wa humu msinune, sina ugomvi nanyi, barabara tunazipenda. Msishike tu kipaza sauti msibani.

Nawaachia uwanja. Nataka kusikia kwenu wasifu anasoma nani, na alisomea nini.

Ila kabla hujaniandikia kwamba BA haijawahi kumponya mgonjwa, mpigie mama mkubwa wangu umuulize. Vidonge vya kisukari ambavyo baba mkubwa alikuwa anavificha chini ya godoro, sasa anaviomba mwenyewe, asubuhi na jioni, na chai anakunywa bila sukari.